Matairi ya theluji kwenye mvua za Mtwara: yanashika au yanateleza?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Wish niliyoagiza Japani, nimeitoa bandarini mwaka jana. Imekuja na matairi yake, 195/65R15 91Q, ubavuni yameandikwa STUDLESS na yana alama ya mlima wenye theluji. Kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, bado ndefu, nimepima kama milimita 6. Ndugu aliyenisaidia kuagiza aliniambia nisiyaguse, eti tairi lililotengenezwa kushika kwenye barafu haliwezi kushindwa na mvua ya Mtwara. Mwezi wa pili nilikuwa natoka mjini kwenda Lindi, mvua imetoka kunyesha muda si mrefu. Nimeshapita Mikindani, bodaboda akaingia barabarani ghafla. Nilikuwa kwenye 60 hivi. Nikakanyaga breki, gari likaserereka mbele kuliko nilivyotegemea, nikasimama nusura nimguse. Fundi pancha wa mtaani kwetu anasema nipunguze upepo mpaka 24 ili tairi likae vizuri chini. Mwingine anasema ninunue mawili mapya niyafunge mbele, kwa kuwa huko ndiko kwenye injini na usukani. Manne kwa mpigo kwa sasa siyawezi. Namba za mwisho ubavuni ni 4014. Nifanye nini kabla ya mvua za mwaka huu?"

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa mshtuko, na huyo wa bodaboda naye nadhani usiku ule hakulala vizuri.

Umeuliza mambo manne: kama matairi ya theluji yanafaa kwenye mvua zetu, kama upunguze upepo, mapya yakae wapi, na ufanyeje wakati fedha haitoshi. Jibu nikupe mapema usije ukachoka kusoma kabla hujalifikia. Matairi hayo yatoke, na kwa hiyo 4014 uliyoiandika mwishoni yangetakiwa kutoka hata kama yasingekuwa ya theluji. Upepo usipunguze. Mapya yakiwa mawili, yakae nyuma. La fedha ndilo gumu kuliko yote, nitalifikia.

Nianze na maneno ya ndugu yako, maana nayasikia sana na yana mantiki ya kuvutia. Yeye anaona utelezi ni mmoja: barafu inateleza, lami iliyolowa inateleza, basi aliyeiweza barafu ataiweza lami. Lakini barafu ni uso laini, hauna kokoto, na juu yake kuna utando mwembamba sana wa maji. Lami yetu ina kokoto ngumu, na inaponyesha ile mvua ya Januari au Februari, juu yake kuna maji mengi, tena ya vuguvugu. Tairi lililoundwa kwa ajili ya hali ya kwanza linaingia kwenye hali ya pili likiwa na zana zisizo za kazi hiyo.

Kwenye barabara iliyolowa tairi lina kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni kuyaondoa maji. Ukiwa kwenye 80, gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na sehemu ya kila tairi inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Maji yaliyo mbele ya kiganja hicho lazima yapate pa kupitia, ama sivyo tairi litapanda juu yake na gari litaelea. Njia yake ni ile mifereji mipana kati ya kashata. Hapa milimita zako 6 zinakusaidia kweli, wala sizibezi. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita 8 hivi, na kikomo cha kisheria katika nchi nyingi, Japani ikiwamo, ni milimita 1.6. Kwa hiyo kwenye kuondoa maji hujafika pabaya.

Kazi ya pili ni kuishika lami yenyewe baada ya maji kuondoka, na hapa ndipo tairi lako lilipokuangusha. Mpira hushika barabara kwa namna mbili. Kwanza hunata: ukiwa mkavu juu ya kokoto kavu, unagandana nazo. Mvua ikinyesha, hata ule unyevu mdogo unaobaki baada ya maji mengi kuondolewa unatosha kuvuruga kunata huko. Inabaki namna ya pili: mpira unabonyea juu ya kila kokoto, unaizunguka, halafu unarudi mahali pake. Ukirudi polepole, kwa uzito, sehemu ya nguvu ya mwendo inapotelea ndani ya mpira na kugeuka joto. Upotevu huo wa nguvu ndio msuguano unaokusimamisha kwenye mvua. Chukua mpira wa kuchezea watoto uudondoshe sakafuni, utadunda. Chukua donge la unga wa chapati ulidondoshe, litabaki pale pale. Kwenye mvua unataka mpira wa tairi uwe na tabia ya lile donge.

Sasa, mpira hubadilika tabia kwa joto. Mpira wa tairi la kawaida umechanganywa ili uwe na uzito huo wa kurudi kwenye joto la kawaida la barabara, na baridi ikiteremka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa. Ndiyo sababu nchi kama Ujerumani zinadai matairi ya theluji wakati wa theluji na barafu. Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ili ubaki laini kwenye sifuri na chini yake. Ukiuleta kwenye nyuzi 28 unakuwa mwepesi kupita kiasi, unabonyea kirahisi na kurudi kirahisi, unadunda. Ukiubonyeza kwa kucha unasikia ulaini ukadhani huo ndio ushikaji. Kwenye lami iliyolowa na yenye joto, ulaini wa namna hiyo hushika kidogo kuliko mpira mgumu kidogo uliochanganywa kwa ajili ya joto hilo. Mtwara hata usiku wa Julai haukaribii nyuzi 7, kwa hiyo hakuna siku katika mwaka ambapo tairi lako liko nyumbani.

Kuna na jambo la umbo. Liangalie tairi lako kwa karibu, utaona kila kashata imechanjwa mikato mingi myembamba, kama imepitiwa na wembe. Kwenye barafu mikato hiyo inafanya kazi nzuri sana, kwani kila ukingo wake unakwangua na kufyonza ule utando wa maji. Kwenye lami ya joto mikato hiyo inaigawa kashata kuwa vipande vyembamba visivyo na mgongo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, vipande vinalala. Vikilala, tairi linagusa lami kwa kingo tu, na usukani unajisikia kama unachelewa kujibu. Huenda umeshazoea hali hiyo ukadhani ndivyo Wish ilivyo.

Ngoja niwatendee haki Wajapani, maana tairi lako si tairi baya. Zamani madereva wa mikoa ya theluji kule walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ililima lami, vumbi likajaa hewani mijini, watu wakalalamika, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyadhibiti. Viwanda tayari vilikuwa vinatafuta tairi la kushika barafu bila msumari. Bridgestone walileta Blizzak mwaka 1988, na wengine wakawa na yao. Neno STUDLESS ubavuni mwa tairi lako linatokana na habari hiyo: tairi lisilo na misumari. Ni kazi ya kitaalamu kwelikweli, ila ilifanywa kwa ajili ya barafu ya Hokkaido. Hata JAF, chama cha wenye magari cha huko huko Japani, kimeyapima matairi haya na kuwaonya madereva wasiendelee nayo majira ya joto, hasa mvua inaponyesha.

Ukutane pia na tofauti moja inayowachanganya wengi. Yapo matairi ya baridi ya Ulaya yaliyotengenezwa kwa mvua baridi na matope ya theluji, yenye herufi ya mwendo H au V, na hayo kwenye maji huwa afadhali. Ya kwako yana Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, na yamelenga barafu zaidi. Herufi hiyo ya Q kwenye tairi la gari dogo, pamoja na maneno kama ICE, SNOW au STUDLESS, ikushtue kila unapopita kwenye rundo la matairi ya mtumba. M+S peke yake, yaani alama ya matope na theluji, isikutishe. Matairi mengi ya magari marefu kwenda juu (SUV) na ya misimu yote huwa nayo, na haimaanishi kwamba tairi ni la theluji.

Tuje kwenye 4014. Namba hizo nne ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi: wiki ya 40, mwaka 2014. Tairi limepita miaka kumi, na miaka kumi ndio ukomo ambao viwanda vingi vinautaja hata kwa tairi lililokuwa limelala stoo. Baada ya miaka mitano au sita linatakiwa liwe linakaguliwa kila mara. Mafuta yanayoufanya mpira uwe laini hutoka polepole, jua na hewa humalizia. Kwa hiyo tairi lako limepata hasara pande zote mbili. Liliundwa laini kwa ajili ya baridi, kisha likakakamaa kwa uzee, na halikupita hata siku moja kwenye hali inayotufaa sisi. Kashata ndefu kwenye tairi la umri huo inaonyesha tu kwamba halikutembea sana. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa mtumba wanapoliwa: wanaangalia kina cha mfereji, hawasomi ubavu.

Nikuonyeshe kwa hesabu ndogo ulichokipata siku ile. Hizi ni namba za mfano, sikuwa nawe kwenye gari. Tuseme tairi zuri la kawaida kwenye lami iliyolowa linakupa msuguano wa 0.5, na lako 0.4. Kwenye 60, la kwanza linasimama kwa mita 28 baada ya breki kukamata, la pili kwa mita 35. Saba hizo ndizo ulizoziona zikikukimbilia. Kwenye 80 zinakuwa mita 50 dhidi ya 63. Na jambo ambalo dereva halioni ni hili: pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la kwako bado linakwenda kilomita 36 kwa saa. Kwa mtu wa bodaboda, hiyo ni tofauti ya kupigwa honi na kuvunjwa mguu. Spidi yako ya 60 ndiyo iliyomwokoa.

La upepo. Fundi wako wa pancha ana hoja kwenye mchanga. Ukikwama kwenye njia ya pwani au unapanda kimchanga kizito, kupunguza upepo kunalitandaza tairi na kukutoa. Kwenye lami yenye maji kunakufanyia kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja katikati, mifereji inabanwa, na nguvu ya kuyasukuma maji pembeni inapungua. Watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni rahisi inayohusisha upepo wa tairi na mwendo ambao litaanza kuelea kwenye maji ya kina. Ukiiweka kwenye kilomita, upepo wa 32 unakupa kama 94 kwa saa, na wa 24 unakupa kama 82. Kwa gari dogo lenye tairi lililochakaa kanuni hii ni makadirio tu, ila mwelekeo wake ndio huo: unapopunguza upepo unajisogezea mwenyewe mahali pa kuelea. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi ya kiwanda. Ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Ikiwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, 220 ni sawa na 32 za geji zetu (psi). Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na usiongeze wala kupunguza kwa kuwa mvua inanyesha.

La mbele au nyuma linaniletea ubishi kila ninapolisema, hata na mafundi wenzangu. Hoja ya "mbele ndiko kwenye injini" inaeleweka: Wish nyingi zinavuta kwa mbele, na mbele ndiko breki zinakofanya kazi kubwa. Lakini fikiria kinachotokea upande mmoja ukiteleza. Mbele kukiteleza, gari linakataa kukata kona na linaendelea moja kwa moja. Ukiachia mafuta mwendo unapungua na usukani unarudi. Nyuma kukiteleza, mkia unakupita. Gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wala mafunzo ya kulirudisha. Ukifunga mapya mbele na kuyaacha ya theluji nyuma, utakuwa umetengeneza gari ambalo mbele linashika vizuri na nyuma linaserereka, na hutajua mpaka siku ya kona yenye maji. Mawili mazuri yakae nyuma. Viwanda vikubwa vya matairi vinasema hivyo hivyo, hata kwa gari la kuvuta kwa mbele.

Sasa fedha. Manne kwa mpigo ndiyo njia sahihi na sitaificha. Tafuta 195/65R15 ya kawaida, yenye namba ya mzigo isiyopungua 91, maana hiyo ni kilo 615 kwa kila tairi na Wish ikijaa watu saba hiyo kazi ipo. Herufi ya mwendo H au V inatosha na kuzidi. Ni saizi ya kawaida sana, kwa hiyo huna haja ya kuagiza mbali. Ukikuta karatasi ya alama za Ulaya juu ya tairi jipya, angalia pale penye picha ya wingu la mvua: A ndiyo inayoshika vizuri zaidi kwenye maji na E ndiyo ya mwisho. Ya kukaa kati, B au C, inakutosha. Mimi binafsi ningechukua jina lisilo kubwa lakini la mwaka huu au uliopita, kabla ya kuchukua jina kubwa la mtumba lenye miaka saba.

Ikishindikana kabisa, nunua mawili, yafunge nyuma, na uwe umepanga tarehe ya mengine mawili kabla mvua hazijakolea. Gari lenye aina mbili za matairi halina mizani nzuri na silipendi. Naliruhusu kama njia ya kuvukia tu, kwa mwendo wa chini. Mtumba wa kawaida nao si dhambi, mradi usome tarehe, uangalie nyufa kati ya kashata na kwenye ubavu, uingize mkono ndani kutafuta viraka, na yafanane mawili mawili. Tairi la mtumba la kawaida lenye miaka mitatu na milimita 5 litakushikia mvua kuliko la kwako.

Na je, kuendelea na haya hadi fedha ipatikane? Kiangazi, kwa mizunguko ya mjini, sitakupigia kelele. Yatalika haraka kwa sababu lami ya mchana kwenye jua hupita nyuzi 50, na mpira ule haukuumbwa kwa joto hilo. Ila usijaze watu na mizigo ukaondoka nayo kwenda Dar es Salaam mchana wa jua kali. Mpira mzee, mzigo na joto ndio mchanganyiko unaopasua tairi. Mvua zikianza, safari za Lindi na Masasi panda basi. Najua inauma kupanda basi ukiwa na gari uani.

Niongeze kwamba tairi lolote, hata la jana, lina wakati wake mbaya kwenye barabara zetu. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na kabla yake lami imekaa miezi mingi ikikusanya vumbi, mafuta ya injini na unga wa matairi. Mvua ya kwanza haiusafishi uchafu huo, inaukoroga. Ile nusu saa ya mwanzo ni mbaya kuliko saa mbili za mvua kubwa zinazofuata, na bahati mbaya ndio wakati ambao dereva hajapunguza mwendo kwa kuwa anaona ni manyunyu. Mwanzo wa mvua ni wakati wa korosho pia, malori yanatoka Tandahimba, Newala na Masasi. Yapo ya saruji, na siku hizi ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Uzito huo unaichimba lami pale magurudumu yanapopita, na mvua ikinyesha michirizi miwili inajaa maji kwa urefu wa barabara. Ukiwa peke yako kwenye mkondo wako, tembea nje kidogo ya michirizi hiyo. Usukani ukiwa mwepesi ghafla na mlio wa maji chini ukabadilika, unaelea. Achia mafuta taratibu, shikilia usukani unyooke, usikanyage breki wala usikate kona. Kwa maji yaliyokatiza barabara sina ushauri wa tairi. Wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Kilwa, na palipokatika hapakuwa na tairi la kuvuka.

Breki zako nazo ziangaliwe, maana sitaki tairi libebe lawama peke yake. Wish ina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Siku ile ulipokanyaga, je, pedeli ilitetemeka chini ya mguu kwa mtetemo wa haraka? Ikitetemeka, ABS ilifanya kazi, magurudumu hayakujifunga, na kilichopungua ni ushikaji wa tairi. Ndivyo inavyotakiwa, usinyanyue mguu, endelea kukandamiza na kuelekeza usukani. Kama haikutetemeka na ukasikia matairi yanakwaruza, au taa ya ABS inawaka kwenye dashibodi, peleka gari kwa fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kusomea kabla hujanunua chochote. Shokapu zilizokufa pia hurefusha kusimama, kwa sababu tairi linarukaruka badala ya kukaa chini.

Mambo ambayo sitayaamua kwa barua, na yanataka macho ya fundi: tairi kuliwa upande wa ndani kuliko nje, gari kuvutia upande mmoja, usukani kutetemeka ukifika 80, au uvimbe wowote ubavuni. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halitembei tena hata kilomita moja, wala halishonwi. Ukifunga mapya, fanya alaimenti na balansi siku hiyo hiyo, la sivyo utayaona yamekwisha upande kabla ya korosho za mwakani. Mtu akijitolea kukuchongea kashata upya kwa kisu cha moto, mshukuru uondoke. Malori mengine yana matairi yenye mpira wa ziada wa kuchongwa, na huandikwa hivyo ubavuni. La gari dogo halina. Kisu kikizama kidogo tu kinakaribia nyuzi.

Haya manne ukishayavua, usiyauze kwa mtu mwingine wa gari. Atakayeyanunua ataambiwa habari zile zile za barafu ulizoambiwa wewe.

Na kabla hujafunga buti, toa tairi la akiba ulisome. Kama Wish yako ilikuja na lile jembamba la dharura, mwendo wake wa mwisho ni 80 na upepo wake ni mwingi, 420 kPa, yaani 60 kwenye geji, wakati mengi ninayoyakuta yana 20 au hayana kabisa. Umri wake mara nyingi ni ule ule wa gari. Likiwa jembamba hivyo, ukipata pancha ya mbele mvua ikinyesha, hamishia zuri la nyuma kwenda mbele na hilo jembamba likae nyuma, kisha tembea 50 mpaka kwa fundi wa karibu. Hapa najua nimesema mazuri yakae nyuma. Kwa gari la kuvuta kwa mbele, gurudumu dogo la dharura ndilo la pekee ninalolivunjia kanuni hiyo, kwa sababu likikaa mbele linausumbua mtambo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili na linaharibu breki na usukani kwa pamoja.